Daftari zinazotunza kumbukumbu za kengele

WAKAZI wa Mombasa wanapotaja Kengeleni, huwa wanakumbuka, pengine bila kujua, kengele iliyotundikwa Frere Town katika karne ya 19 ili kuwatahadharisha watumwa waliokombolewa dhidi ya wavamizi. Pale, jina la mahali ndilo lililotunza kumbukumbu.

Nchini Uingereza, kazi hiyo imekabidhiwa maktaba. Baraza Kuu la Wapiga Kengele za Kanisa, lililoundwa mwaka 1891, lina maktaba yake inayohifadhi maandishi ya sanaa hiyo pekee. Anayeisimamia hufanya hivyo kwa kujitolea.

Huenda msomaji akauliza: kengele zina nini cha kuandikiwa vitabu?

Kengele za Kiingereza hazifuati wimbo. Kila moja ina gurudumu, kamba na mpigaji wake, na zamu za kulia hubadilishwa kila mara pasipo mpangilio wowote kurudiwa. Kengele saba zina mipangilio 5,040, inayochukua takriban saa tatu. Wapigaji hawasomi popote, huikariri kanuni.

Kengele nane zina mipangilio 40,320. Mwaka 1963, wapigaji wanane waliimaliza yote mjini Loughborough kwa karibu saa 18 bila kupokezana.

Hata hivyo, sauti ikishatoka mnarani hupotea. Kinachobaki ni karatasi inayoeleza siku, mahali, kanuni iliyofuatwa na nani alishika kamba ipi.

Ndiyo maana historia ya sanaa hii hutafutwa katika vitabu kama vile Tintinnalogia cha mwaka 1668 na Campanalogia cha Fabian Stedman cha mwaka 1677, na pia katika gazeti la The Ringing World lililoanzishwa mwaka 1911.

Lakini si vitabu hivyo mashuhuri vinavyomnyima usingizi mkutubi wa hifadhi kama hii. Vina thamani inayojulikana, na havitakosa wa kuvitunza. Kilicho hatarini ni daftari la kawaida.

Mpiga kengele anapofariki, jamaa zake hukuta maboksi yaliyojaa safu za tarakimu zisizo na maana kwao. Mkutubi asipofika mapema, yote huishia jaani. Akifika, jambo la kwanza ni kuuliza: nani aliandika, na katika mnara upi? Daftari lisilojulikana lilikotoka hupoteza nusu ya thamani yake.

Baadaye huyaorodhesha kwa utaratibu alioyakuta nao, akayaweka pakavu na kuyanakili kwa kompyuta. Nakala haimruhusu kutupa daftari lenyewe, kwani alama hafifu ya penseli yaweza kukosekana katika picha.

Faida ya subira hiyo ilidhihirika kuhusu Vita vya Kwanza vya Dunia. Orodha ya wapiga kengele waliouawa iliyoandaliwa baada ya vita iliwaacha wengi nje. Watafiti wa baadaye walipopekua kumbukumbu za zamani, idadi ilifika takriban 1,400.

Kuelekea mwaka 2018, miaka 100 tangu vita vimalizike, kampeni ilianzishwa kusajili wanagenzi 1,400, mmoja kwa kila marehemu.

Mali bila daftari, walisema wahenga, hupotea bila habari. Katibu wa kwaya au wa kikundi cha ngoma mwenye daftari kuukuu chini ya kitanda na alitafakari hayo kabla ya kuwashia moto.