Meli Kubwa, Visiwa Vichache: Rekodi za Bahari kwa Macho ya Ifakara

Daraja la Magufuli, linalouvuka Mto Kilombero kuelekea Mahenge, lina urefu wa mita 384. Icon of the Seas, mojawapo ya meli za kitalii kubwa kuliko zote duniani, ina mita 365. Ukiilaza ubavuni mwa daraja letu, daraja linaishinda kwa mita 19.

Hesabu hii si ya mzaha tu. Video za meli hizo zimeshafika kwenye simu za wakulima wa mpunga wa Mngeta na wa miwa wa Kidatu, na maswali hayakawii. Mwalimu aliyestaafu akipata kiinua mgongo chake, au mtoto aliyeko Ulaya akitaka kumtembeza mama yake baharini, wachague kampuni gani na njia ipi ili wavione visiwa vya mbali? Jibu langu nalitoa mapema: wachague chombo kidogo. Sababu zake zimo katika rekodi zenyewe.

Tuanze na hilo jitu. Icon of the Seas ilianza kubeba abiria Januari 2024 kutoka Miami, Marekani. Ujazo wake ni tani 248,663, inaweza kuchukua abiria 7,600, na wafanyakazi wake ni 2,350. Ikijaa, ni karibu watu 10,000 juu ya maji, wakiwa na mabwawa saba ya kuogelea. Pacha wake, Star of the Seas, aliingia kazini mwaka 2025. Lakini tazama inakokwenda: Karibi, kwenye bandari zilizochimbwa na kujengewa gati la kuipokea, na kwenye kisiwa cha CocoCay huko Bahamas ambacho kinaendeshwa na kampuni hiyohiyo ya meli. Abiria anashuka kwenye ufukwe uliopangwa na mwenye meli, anakunywa kinywaji cha mwenye meli, anarudi kulala. Mwenye wajukuu wadogo atafurahi sana, wala simlaumu. Ila asije akasema amekwenda kisiwa cha mbali.

Kisiwa cha mbali hakina gati. Kina mwamba wa matumbawe, mkondo mkali na pengine kijiji kimoja. Kwa watu wa bonde hili, jambo hilo halihitaji kufafanuliwa. Kabla ya daraja kuzinduliwa Mei 2018, kivuko chetu kilikuwa kinangoja ruhusa ya mto, na Januari 2016 kilipinduka. Mndamba mwenye mtumbwi na pondo lake, kwa upande wake, alipenya kwenye vijito vya mafuriko ambavyo kivuko kisingevigusa hata kwa siku moja. Baharini nako ni hivyohivyo, na mahali pengine sheria imeliweka jambo hilo wazi. Katika visiwa vya Galápagos, Ecuador, chombo cha watalii hakiruhusiwi kuzidi abiria 100. Bara la Antaktika, meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu kabisa, na hata ndogo haziruhusiwi kuwa na watu zaidi ya 100 nchi kavu kwa wakati mmoja. Anayekata tiketi ya meli kubwa kwenda huko ananunua dirisha.

Kwa ukongwe, heshima ni yetu. MV Liemba ya Ziwa Tanganyika iliundwa mwaka 1913 na kiwanda cha Meyer huko Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa kwa makasha hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 isitekwe, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ukoo huohuo wa Meyer ndio ulioinunua karakana ya Turku, Ufini, ambako Icon of the Seas iliundwa. Kwa hiyo jitu la Miami na bibi wa Kigoma ni watu wa ukoo mmoja. Bibi, katika maisha yake yote, alikuwa akisimama katikati ya ziwa na mitumbwi ikimfuata kushusha na kupandisha abiria, kwa kuwa vijiji vingi havikuwa na gati. Huo ndio mtindo ambao kampuni za kifahari sasa zinautoza dola nyingi na kuuita safari ya uvumbuzi, mitumbwi ikiwa imebadilishwa na boti za mpira.

Rekodi ya kutokuwa na subira naipa Norwegian Dawn, meli ya mita 294. Machi 2024 iliwaacha abiria wanane São Tomé kwa sababu walichelewa kurudi kutoka matembezi waliyojipangia wenyewe. Ikabidi waikimbize bandari hadi bandari kwenye pwani ya Afrika Magharibi. Mwezi mmoja kabla, meli hiyohiyo ilikuwa imekataliwa kutia nanga Port Louis, Morisi, kwa hofu ya kipindupindu, ingawa vipimo baadaye havikuonyesha ugonjwa huo. Msafiri apate mambo mawili hapo. La kwanza, ukienda matembezi nje ya yale ya meli, rudi mapema kuliko unavyodhani inatosha. La pili, ratiba ya meli ni nia tu. Kampuni nyingi huandika kwenye mkataba kwamba bandari inaweza kurukwa bila fidia, na kadiri kisiwa kinavyokuwa mbali ndivyo uwezekano wa kurukwa unavyokua.

Sasa Aldabra, ambayo kwangu ndiyo safari kubwa kuliko zote mtu wa Afrika Mashariki anayoweza kuiota bila kwenda upande wa pili wa dunia. Ni kisiwa cha matumbawe cha Shelisheli, kimojawapo kati ya vikubwa zaidi vya aina yake vilivyoinuka juu ya bahari, na ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 1982. Kobe wakubwa waliopo huko ni zaidi ya 100,000, kundi kubwa kuliko lote duniani. Ndiye kobe yuleyule wa kisiwa cha Changuu, mkabala na Mji Mkongwe, ambaye wazazi wake waliletwa Unguja kama zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919. Yuko pia ndege wa jamii ya viluwiri ambaye hana uwezo wa kuruka, wa mwisho wa namna hiyo katika Bahari ya Hindi nzima. Miaka ya 1960 Waingereza walitaka kujenga uwanja wa ndege za kivita hapo. Wanasayansi wakapiga kelele, na mwaka 1967 mpango ukaachwa. Mpaka leo hakuna uwanja, hakuna hoteli, ni kituo cha watafiti tu.

Kinachonishangaza ni ramani. Aldabra iko kama kilometa 1,100 kutoka Mahé, kisiwa kikuu cha nchi yake, na kama kilometa 800 tu kutoka Dar es Salaam. Kwa umbali ni jirani yetu zaidi kuliko ilivyo jirani ya mji mkuu wake, lakini njia ya kawaida ni kuruka kwenda Mahé na kupanda meli huko. Kampuni ya Kifaransa ya Ponant ni miongoni mwa zilizowahi kupeleka watalii huko, kwa meli zenye nafasi ya abiria 184. Huo ndio ukubwa wa kutafuta, na chini ya hapo ni bora zaidi. Meli hubaki nje ya mwamba, boti za mpira huingia kwenye wangwa kwa kufuata maji kujaa na kupwa, na mawimbi yakikataa, hakuna kushuka. Kwa hiyo angalia majira kabla ya bei. Kusi linapovuma, takriban Mei hadi Septemba, bahari huchafuka na kushuka kunakuwa kwa taabu. Kaskazi ni tulivu, ingawa msimu huo una vimbunga vyake upande wa Madagaska na Morisi. Nasi si kwamba tumekingwa kabisa: Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika hadi karibu na Mafia.

Kama kuna aliyeshika rekodi ya kukaa visiwa vya mbali, si mtalii. Mukama Kabalega wa Bunyoro alikamatwa mwaka 1899 na kupelekwa uhamishoni Shelisheli, akaruhusiwa kurudi mwaka 1923 na kufia Jinja kabla ya kufika kwake. Kabaka Mwanga wa Buganda, aliyekamatwa pamoja naye, alifia hukohuko mwaka 1903. Sayyid Khalid bin Barghash, aliyeshindwa katika vita vifupi kuliko vyote vilivyorekodiwa, Zanzibar, 27 Agosti 1896, dakika zisizofika 45, alikimbilia kwa Wajerumani Dar es Salaam. Waingereza walimkamata mwaka 1916 wakampeleka St Helena, kisha Shelisheli, kabla ya kumruhusu kurudi na kufia Mombasa mwaka 1927. St Helena ilikuwa ikifikiwa kwa meli tu hadi ndege za abiria zilipoanza mwaka 2017, na mwaka uliofuata meli yake ya kudumu ikastaafu.

Na kutoka St Helena, kilometa 2,400 hivi kuelekea kusini, iko Tristan da Cunha, kisiwa chenye wakazi kilicho mbali na watu wengine kuliko vyote. Wakazi ni mia mbili na ushei. Hakuna ndege. Ni siku sita au zaidi kwa meli kutoka Cape Town, na lazima baraza la kisiwa likupe kibali kwanza. Bandari yake ni ndogo kiasi kwamba meli za kitalii mara nyingine hufika, zikazunguka, zikaondoka bila mtu kukanyaga nchi kavu. Siishauri kwa mtu ambaye hii ndiyo safari yake moja ya maisha.

Turudi kwetu, maana rekodi nyingine ziko karibu kuliko matangazo yanavyosema. Mkondo wa Pemba una kina kinachofika mita 800 hivi, wakati Unguja na Mafia vimekaa kwenye maji ya kina kifupi ya ukingo wa bara. Ndiyo maana Pemba imejitenga kwa muda mrefu na ina viumbe vyake, akiwamo popo mkubwa ambaye haonekani kwingine duniani. Mafia nayo ina hifadhi ya bahari ya kwanza ya Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1995, yenye kilometa za mraba 822, na karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi huonekana papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani.

Na hapa bonde letu linaingia moja kwa moja. Inakadiriwa Kilombero huchangia asilimia 62 ya maji ya Rufiji. Yale yanayopita chini ya Daraja la Magufuli hukutana na Luwegu, hushuka hadi delta yenye msitu wa mikoko mkubwa kuliko wowote Afrika Mashariki, kisha humwagika baharini mbele ya Mafia. Mtu wa Ifakara anayekwenda Mafia anafuata maji yake mwenyewe. Atapita Nyamisati, wilayani Kibiti, na kuvuka hadi Kilindoni, au atapanda ndege ndogo Dar es Salaam. Gharama ya safari hiyo haianzi hata kukaribia bei ya kitanda kimoja cha meli ya Aldabra. Kama hujawahi kulala juu ya maji wala hujui tumbo lako linavyolipokea wimbi, anza na Mafia.

Lakini udogo ninaousifu si wa kujazana. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama kati ya Unguja na Pemba ikiwa na watu wengi kupita uwezo wake, na mamia kwa mamia walikufa. Chombo kilichojaa hadi watu wanasimama, shuka. Nauli itarudi au haitarudi, shuka.

Makaratasi yana mitego ambayo mawakala wa Ulaya hawaijui, kwa sababu wateja wao hawakutani nayo. Meli nyingi za Bahari ya Hindi hupitia Réunion au Mayotte, na hizo ni ardhi ya Ufaransa ambayo viza ya Schengen peke yake haikuingizi. Mtanzania anahitaji viza inayotaja maeneo hayo, na kampuni ina haki ya kukukatalia kupanda ukikosa. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano unaweza kuulizwa Shelisheli na kwingineko kwa kuwa unatoka Tanzania. Na ukitoka Kilombero, pima malaria kabla ya kuondoka. Shelisheli haina malaria, na daktari wa meli ambaye hajawahi kuuona ugonjwa huo anaweza kukutibu homa nyingine wakati mnaelea siku tatu mbali na hospitali. Bima nayo iwe inayolipia kusafirishwa mgonjwa kutoka baharini. Anayesafiri peke yake aulize pia bei ya chumba kizima, maana bei inayotangazwa huwa ni ya mtu mmoja kati ya wawili.

Kabla hujatoa shilingi, mwombe wakala akuandikie mambo manne: meli inachukua abiria wangapi, tunashuka visiwa vingapi kwa boti za kampuni, tutakuwa nchi kavu saa ngapi kila siku, na mwaka uliopita ni mara ngapi kisiwa kikuu cha ratiba kilirukwa. Akikuandikia idadi ya mabwawa ya kuogelea, mwache, ukatafute mwingine.