Komeo liko nje

Mwalimu mmoja wa sekondari huko Dongobesh, wilayani Mbulu, husoma riwaya za taharuki akiwa amejifunika blanketi, maana baridi ya Julai huko haina mchezo. Nakala yake ya The Housemaid imekunjwa pembe kwenye ukurasa ambapo mfanyakazi wa ndani, Millie, anaonyeshwa chumba chake cha darini na kugundua kwamba mlango unafungwa kwa nje.

Riwaya hiyo ya Freida McFadden, daktari wa Marekani, ilitoka mwaka 2022, ikauzwa mamilioni ya nakala, kisha ikawa filamu mwishoni mwa 2025. Millie ametoka gerezani, analala garini, hana pa kwenda. Analiona komeo, anashtuka, lakini anabaki. Kwa mwalimu huyu, utamu wa kitabu uko hapo: kinachotisha ni shida inayomfanya mtu asiondoke hata anapoona hatari. Nusu ya pili, yenye mageuko juu ya mageuko, anaiona mazingaombwe matupu; usiku inakunyima usingizi, asubuhi umeshaisahau.

Ukali wake una sababu ya nyumbani. Kutoka Mbulu na Hanang wapo wasichana wanaopanda basi kwenda Arusha na Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, wengine kwa mtu waliyeongea naye kwenye simu tu. Amri ya mishahara ya mwaka 2022 iliweka kima cha chini cha Sh60,000 kwa mwezi kwa dada wa kazi wa nyumba ya kawaida anayeishi kwa mwajiri. Anayelazwa sebuleni hana hata mlango wa kufungiwa.

The Silent Patient ya Alex Michaelides (2019) anaisifu nusu. Alicia, mchoraji wa London, anampiga risasi mumewe, kisha ananyamaza. Ukimya ule unamtisha mwalimu kuliko damu. Ila mwishoni, anadai, mwandishi anachanganya karata chini ya meza.

Alama za juu anampa Oyinkan Braithwaite wa Nigeria kwa My Sister, the Serial Killer (2018). Korede ni muuguzi wa Lagos. Mdogo wake, Ayoola, ameshaua wanaume watatu, na anayeitwa kuja kusugua sakafu ni dada mtu. Hakuna fumbo la nani kaua. Msomaji anabaki akijiuliza kama angemkana ndugu yake wa tumbo moja, na swali hilo halihitaji mkalimani hata kwenye miji ya huko kama Haydom na Katesh.

Kwenye kabati lake, vitabu vya Kiswahili vimekaa pande mbili. Huku yuko Ben Mtobwa na Joram Kiango wake, pamoja na Elvis Musiba na Willy Gamba: adui anatoka nje na ana bastola. Kule iko Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1974, ambamo Kazimoto anatafunwa na mawazo yake mwenyewe hadi anajiua. Mfadhili ya Hussein Tuwa, iliyowahi kuorodheshwa kwa kidato cha tano na sita, anaiona ikipokezanwa mabwenini hata mitihani ikiwa mbali. Bado anasubiri riwaya ya Kiswahili itakayozikutanisha pande hizo mbili, na anajua angependa ianzie wapi.

Wairaqw, wenyeji wa Mbulu, walikuwa na desturi iitwayo metimani. Vifo vya aina fulani vikitokea, au binti akipata mimba kabla ya ndoa, kaya ilihesabiwa kuwa na mkosi na kutengwa, pengine kwa miezi mingi. Hakuna kutembeleana, hakuna kula na majirani, mifugo isichangamane na ya wengine. Binti mjamzito aliweza kufukuzwa kabisa. Desturi hiyo imefifia, lakini mwalimu anaiona kuwa taharuki iliyokwisha kujipanga: nyumba iko wazi, njia inaonekana, na hakuna anayebisha hodi.

Mwezi uliopita, wakipukuchua mahindi, alimsimulia jirani yake kisa cha Millie. Jirani ana binti anayetarajia kusafiri Januari. Hakuuliza muuaji ni nani. Aliuliza kama yule msichana alikuwa na simu, na kama ilikuwa na chaji.