Buibui wa Usambara: rangi haimtambulishi

MSAFIRI anayetoka Chanika, mjini Handeni, akapita Korogwe na kuendelea kaskazini, hukutana na milima ya Usambara. Jina la milima hiyo linafahamika sana kwa wafugaji wa buibui huko Ulaya na Marekani, kwani ndilo walilopewa tarantula wenye rangi ya chungwa wanaouzwa katika nchi hizo.

La kushangaza ni kwamba jina lake la kitaalamu, Pterinochilus murinus, lililotolewa na Mwingereza Reginald Pocock mwaka 1897, humaanisha mwenye rangi ya panya. Si kosa. Spishi hiyo moja, inayopatikana Afrika Mashariki hadi Angola, ina buibui wa kijivu, wa kahawia na hao wa rangi ya chungwa. Kwa sababu hiyo wataalamu hawaitegemei rangi, bali huchunguza kwa hadubini viungo vya uzazi vya dume na vya jike. Mtafiti Richard Gallon aliupitia upya uainishaji wa kundi hilo mwaka 2002.

Tarantula wote wamo katika familia ya Theraphosidae, yenye spishi zaidi ya 1,000. Meno yao ya sumu huchoma kuelekea chini, tofauti na ya buibui wengi wa majumbani ambayo hubana kama koleo. Wana pia jozi mbili za mapafu.

Wa Usambara ni wa kundi dogo la Harpactirinae, ambalo kusini mwa Afrika huitwa buibui wa nyani, kwa kuwa ncha za miguu yao yenye manyoya hufanana na vidole vya mnyama huyo. Tarantula wengi wa bara la Amerika hujihami kwa kurusha vinyweleo vinavyowasha. Hawa wa Afrika hawana silaha hiyo. Huinua miguu ya mbele, huonyesha meno, na asiyeondoka huumwa. Maumivu ni makali na misuli huweza kukaza, ingawa hakuna kifo kinachofahamika. Hata hivyo, aliyeumwa ni vema awahishwe hospitali.

Asichanganywe na Pelinobius muticus wa Kenya na Tanzania, mwenye rangi ya kutu, miguu minene ya nyuma na shimo refu ardhini. Huyo naye, hadi mwaka 2010, alijulikana kwa jina jingine: Citharischius crawshayi.