Kaza, Legeza: Habari za Beringi za Mbele za Pikapu Kuukuu

Mhariri aliniomba niandike kitu cha uhandisi ambacho hata mtu wa sosholojia atakisoma mpaka mwisho. Nimefikiri sana, nikaona niandike juu ya beringi za magurudumu ya mbele. Msicheke jamani. Nusu yenu mmehamishwa vyumba na ile pikapu ya buluu ya 1995, 4x4, tuliyoinunua watu wanne kwa kuchangishana mwaka 2023. Na kule nyumbani wengi wetu tumesomeshwa na pikapu. Mimi mmojawapo.

Kwanza, beringi yenyewe. Gurudumu linazunguka, ekseli fupi linapovalia (mafundi huiita stabu ekseli) haizunguki. Katikati yao lazima kiwepo kitu cha kubeba uzito wa gari na wakati huohuo kuruhusu mzunguko. Hicho ndicho beringi: pete mbili za chuma kigumu, moja ndani ya nyingine, na kati yake gololi au rola zilizopakwa grisi. Ukisimama wima, pete na rola zinabeba uzito kutoka juu, hapo hakuna shida. Shida ni kona. Gari likikata kona gurudumu linasukumwa kwa ubavu, na rola iliyonyooka kama kipande cha chaki haiwezi kuhimili msukumo wa ubavu.

Aliyelitatua jambo hili vizuri ni mtengeneza magari ya farasi wa St. Louis, Henry Timken, aliyepata hataza mwaka 1898 ya rola zenye umbo la koni, upande mmoja mnene na mwingine mwembamba. Rola kama hiyo inabeba wima na ubavu kwa pamoja. Mwaka 1901 kampuni yake ilihamia Canton, hapahapa Ohio. Pikapu nyingi za zamani, zikiwemo Hilux tulizokua nazo, zina beringi mbili za namna hiyo kila gurudumu la mbele: kubwa kwa ndani, ndogo kwa nje, ncha zao nyembamba zikitazamana. Kinachozibana pamoja ni nati moja tu iliyo nje, chini ya kile kikombe cha bati kinachojaa vumbi. Ukishaielewa nati hiyo umeelewa karibu habari yote. Mimi ilinichukua miaka kumi na zaidi, na niliielewa kwa kukosea mara mbili, kila mara upande wake.

Kosa la kwanza. Mwaka 2012 nilikuwa kidato cha tatu, nyumbani Ilula, mkoa wa Iringa. Baba alikuwa na pikapu ya kubebea nyanya. Wakati wa likizo nilikuwa nashinda gereji kwa fundi mmoja wa mtaani, na siku hiyo alikuwa na wateja wengi, akaniambia, "Wewe mdogo wangu, funga la kushoto." Grisi niliweka vizuri kabisa. Halafu nikafika kwenye nati. Kwa akili zangu, kitu kinachoshikilia gurudumu ni lazima kikazwe mpaka mwisho. Nikakaza kwa mkono, nikaona haitoshi, nikaweka spana ndefu na kuikanyaga kwa mguu. Nikapiga kota pini, nikajisikia fundi.

Kesho yake alfajiri baba alipakia matenga akaondoka kwenda Iringa mjini. Hakufika. Gurudumu la kushoto lilishika, likalegea, likalala upande, gari likaingia mtaroni. Baba aliteguka bega. Kijana wa kupakia, aliyekuwa amekaa juu ya matenga, alirushwa akavunjika mkono. Nyanya wengine walizichukua, nyingine ziliozea palepale. Muhula ule nilichelewa kurudi shule wiki tatu.

Nilipoiona ile stabu ekseli ilikuwa na rangi ya buluu iliyochanganyika na zambarau, na pete ya ndani ya beringi ilikuwa imeng'ang'ania juu yake kama imechomelewa. Leo naweza kueleza. Ukikaza nati kupita kiasi, rola zinakosa nafasi. Zinasuguana, zinapata joto, chuma kinatanuka, nafasi inazidi kupungua, joto linazidi. Grisi inayeyuka na kumwagika. Baada ya hapo ni chuma kwa chuma. Kile chuma cha buluu kilikuwa kinasema kimepita nyuzi joto 300 hivi za Selsiasi, maana ndiyo rangi ambayo chuma kinageuka kikifika huko.

Kumbe beringi za koni hazitaki kukazwa. Zinataka kukaa. Unakaza nati kwa nguvu ndogo huku mkono mwingine unazungusha gurudumu, ili rola zijipange na grisi ya ziada itoke. Halafu unailegeza kabisa. Halafu unairudisha kwa vidole, vidole vitupu, mpaka iguse. Kama tundu la kota pini halijalingana, unalegeza kidogo mpaka lilingane, hukazi. Vitabu vya pikapu nyingi za Kimarekani za mtindo huo vinataka ubaki mchezo wa kati ya milimita 0.03 na 0.13. Unywele wa binadamu uko humohumo katikati. Nati inayoshikilia gurudumu la gari la tani moja na nusu inafungwa kwa vidole na kuachiwa nafasi ya unywele, na kazi ya kuizuia isifunguke ni ya kota pini, siyo ya misuli yako.

Usije ukalegeza ovyo, lakini. Mchezo ukizidi gurudumu linayumba, sili inapitisha maji na vumbi, na diski ya breki inazisukuma pedi zirudi nyuma, kwa hiyo ukikanyaga breki pedeli inashuka mbali kabla haijashika. Watu wengi hubadilisha breki nzima kumbe ugonjwa uko kwenye beringi.

Somo hilo nililibeba mpaka Ohio: usikaze sana. Na ndilo lililonipeleka kwenye kosa la pili.

Mwaka 2023, mwezi wa kumi, pikapu yetu ya buluu ilianza kunguruma. Mngurumo wa chini, kama ndege iliyo mbali, unaopanda kadiri mwendo unavyopanda. Wenzangu waliniuliza, mhandisi, hiyo nini? Nikasema tairi. Tukaenda duka moja la matairi (silitaji), wakakubaliana nami haraka sana, wakatuuzia mawili mapya. Tukatoka pale na mngurumo wetu uleule. Hiyo ilikuwa hela ya chakula ya watu wanne kwa wiki mbili.

Ningetulia kidogo ningeijua bure. Mngurumo wa beringi unafuata mwendo wa gari, siyo mwendo wa injini: ukiwa kwenye kasi, weka gia huru, injini ishuke, sauti ikibaki vilevile, tafuta kwenye magurudumu. Kisha, barabara ikiwa tupu, yumbisha usukani taratibu kushoto na kulia. Ukikata kushoto uzito unahamia kulia, na beringi ya kulia kama ni mgonjwa italia zaidi. Tairi lililolika vibaya halijali sana hiyo kona, na sauti yake hubadilika ukihama kutoka lami mbovu kwenda lami laini. Halafu inua gari kwa jeki, weka stendi (jeki peke yake usiiamini hata dakika moja), shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, mtuhumiwa wa kwanza ni beringi, ingawa boljointi nayo hucheza hivyo, kwa hiyo mwenzako achungulie nyuma ni kipi kinachotikisika. Likicheza ukilishika kushoto na kulia tu, angalia tairodi endi. Mwisho, zungusha kwa mkono huku mkono mwingine umeshika springi: beringi iliyokwaruzika utaihisi kwenye springi kama mchanga.

Basi, ilikuwa ya kulia. Nikaifungua nikitegemea kukuta rola zangu za koni na nati yake. Hamna. Kwenye pikapu nyingi za 4x4 za hapa, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, beringi na habu vimeshafungwa kiwandani kuwa kitu kimoja. Chevrolet na GMC za 1988 za nusu tani zilikuja hivyo, Dodge Ram ya 4x4 ya 1994 pia. Huweki grisi, hurekebishi kitu. Ikifa unatupa nzima, na waya wa ABS unakwenda nayo, ndiyo maana taa ya ABS mara nyingine huwaka kabla hujasikia sauti yoyote. Kwa huku Ohio kuna adha nyingine: chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji inaigandisha habu kwenye chuma chake kiasi kwamba tuliigonga kwa nyundo siku mbili, Jumamosi na Jumapili.

Tukaweka mpya. Nikafika kwenye nati ya ekseli ya gari-moshi hili letu, nikakumbuka Ilula, nikaikaza kistaarabu. Wenzangu wakasema ongeza, nikawaambia ninyi hamjui, beringi haitaki kukazwa.

Baada ya wiki tano ile habu mpya ilikuwa inanguruma kuliko ya zamani. Tuliigundua tukiwa barabara kuu usiku, tumetoka kupokea wanafunzi wawili wapya uwanja wa ndege, mmoja kutoka Bujumbura na mwingine Kisumu, mabegi nyuma, usukani unatetemeka. Nilisimamisha pembeni na sikusema kitu kwa muda. Nilikuwa namwona yule kijana wa kupakia.

Ndani ya habu ya namna hii pete ya ndani imekatwa vipande viwili. Kinachovibana vikae pamoja ni ile nati ya ekseli. Nafasi ya gololi imeshapimwa kiwandani, lakini inapatikana tu nati ikifikia mkazo ulioandikwa kwenye kitabu. Ukiilegeza vipande vinaachana, gololi zinapanda ukingoni, wiki chache kazi imekwisha. Hata kulishusha gari likae juu ya gurudumu kabla nati haijakazwa kunaweza kuiharibu. Kwa hiyo huku unakaza, na unakaza kwa spana ya kupimia mkazo, siyo kwa kumbukumbu za utotoni. Kabla hujagusa nati yoyote, jua kwanza ni beringi ya aina gani iliyo mbele yako. Mimi sikuangalia.

Kwa wale mnaopanga kununua pikapu za kupeleka nyumbani, jambo moja la mahesabu. Mwaka 1947 Lundberg na Palmgren walichapisha kazi ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa kukadiria umri wa beringi. Kwa rola, umri unashuka kwa kipeo cha 10/3 cha mzigo. Maana yake, ukizidisha mzigo mara mbili umri hauwi nusu, unakuwa moja ya kumi. Ni kweli matenga ya nyuma huelemea zaidi ekseli ya nyuma, ila ukifunga breki kwa nguvu uzito unakuja mbele, na shimo la barabarani halina hesabu. Zile rimu pana zinazotokeza nje ya bodi, ambazo vijana wanazipenda, ndizo mbaya kabisa: zinaligeuza gurudumu kuwa mtaimbo wa kuipindua beringi. Ukinunua gari lenye rimu hizo, hesabu na bei ya beringi humohumo.

Mdogo wangu naye kanunua pikapu mwaka jana, ya beringi za zamani, za koni. Mwezi uliopita alinipigia akiwa chini ya gari, simu ameiweka sauti kubwa. "Kaka, hii nati nikaze kiasi gani?" Nikamweleza: zungusha, kaza kidogo, legeza, vidole. Nyuma yake nikasikia baba, ambaye tangu 2012 hajawahi kuniuliza nani aliyefunga lile gurudumu, anamwambia, "Na asikanyage spana kwa mguu."

Spana ya kupimia mkazo tuliinunua, iko chumbani kwangu, pamoja na stendi mbili. Anayehitaji aje kuazima, ila airudishe kabla ya Ijumaa, maana Jumamosi ndiyo siku ya kuhamisha watu.