Je, Wajua? Mdudu wa kuhesabiwa nywele

Je, wajua kwamba kithiripi anayepukutisha maua ya kunde katika sehemu kubwa ya Afrika amepewa jina lake kutokana na safari ya Kilimanjaro? Mwaka 1905 na 1906 msafara wa Uswidi, chini ya Yngve Sjöstedt, ulizunguka Kilimanjaro, Meru na nyika za Wamasai ukikusanya viumbe. Mwaka 1908 Mswidi mwenzake, Filip Trybom, akachapisha maelezo ya vithiripi waliopatikana, na mmoja wao akaitwa *sjostedti*, kwa heshima ya mkuu wa msafara. Kwa sayansi alikuwa mgeni. Mwenye shamba la kunde hakumngoja Trybom.

Unataka kumwona? Chuma ua la kunde asubuhi, kabla halijajifunga, ulikung'ute juu ya karatasi nyeupe. Utadhani umemwaga vumbi jeusi, mpaka vumbi lianze kukimbia. Kila chembe ni mdudu mzima, mweusi wa kung'aa, urefu milimita moja na ushei. Wale wa njano iliyopauka, wasio na mbawa, ni watoto wake.

Je, wajua kwamba jina lake kamili sasa ni *Megalurothrips sjostedti* (Trybom)? Hayo mabano hayakuwekwa kwa urembo. Yanasema kwamba Trybom alimweka katika jenasi nyingine na wengine wakaja kumhamisha. Yasipokuwapo, ujue spishi ingali katika jenasi ileile aliyozaliwa nayo.

Spishi za vithiripi zilizokwisha kuelezwa zinapita 6,000. Mtaalamu wa vithiripi Laurence Mound wa Australia peke yake ana mamia kwa jina lake.

Spishi mpya hutambuliwaje, basi? Si shambani. Mdudu hutoka kwenye spiriti, akalowekwa katika magadi makali yaliyozimuliwa mpaka nyama ya ndani iyeyuke na gamba liwe kama kioo. Kisha kazi ya mkono usiotetemeka: kwa ncha ya sindano unamnyoosha papasi, unamtandaza miguu, unamfungua mbawa nne, zote hizo kwenye kiumbe anayeweza kupotelea ndani ya herufi "o" ya ukurasa huu. Tone la utomvu wa balsamu, kigae chembamba cha kioo juu yake, halafu wiki kadhaa kwenye joto la kukaushia.

Ndipo hesabu inapoanza. Papasi zina pingili 7 au 8? Katikati ya vijicho vitatu vya utosini kuna jozi ngapi za nywele, na ndefu ni ipi? Nywele za mshipa wa ubawa zimejipanga mfululizo au zina pengo? Ukingo wa pingili ya nane ya tumbo una kitana cha vinyweleo, na kama kina pengo katikati, huenda unatazama spishi nyingine kabisa.

Rangi? Usiiamini. Kithiripi wa vitunguu, *Thrips tabaci*, huwa mweusi zaidi akikulia kwenye baridi na mweupe zaidi akikulia kwenye joto. Kwa sababu hiyo amewahi kubatizwa majina chungu nzima na watu walioamini kila mmoja kwamba ana mpya mkononi. Kwa maoni yangu, anayetangaza spishi kwa jike mmoja wa rangi ya ajabu anacheza bahati nasibu.

Je, wajua kwamba tangu mwaka 2000 jina jipya la spishi ya mnyama halikubaliki bila kutaja wazi sampuli inayobeba jina hilo? Kwa vithiripi huwa kwa kawaida kigae kimoja cha kioo chenye jike mmoja. Kikivunjika, uliza mwenye makumbusho usingizi wake ukoje.

Kithiripi ana taya moja tu, la kushoto. La kulia hupotea angali kwenye yai.

Yai lisilorutubishwa, katika spishi nyingi, hutoa dume. Dume huyo hana baba.

Virusi vya mnyauko madoa wa nyanya humwingia kithiripi angali mtoto tu. Mkubwa akila jani lenye ugonjwa, hata mara mia, hatausambaza. Aliyeupata utotoni ataubeba mpaka kufa.

Katika Australia wapo vithiripi wanaoishi ndani ya vivimbe vya miakasia na wana askari: miguu ya mbele minene, mbawa fupi, kazi yao kulinda nyumba. Askari hao walitangazwa mwaka 1992.

Na spishi mpya si lazima iwe hai. Mwaka 2012 walielezwa vithiripi wawili kutoka kwenye kaharabu ya Hispania yenye umri wa miaka milioni 105 hadi 110, *Gymnopollisthrips minor* na *G. maior*. Majike wamegandishwa na chavua mwilini, mmoja ana punje zaidi ya 100. Kilichowafanya watengwe na vithiripi wengine wote? Nywele tena. Zao zina pete pete kuanzia chini hadi juu, na ndizo zilizoshika chavua.