Pinki iliyofifia: Mtaji hulala kwenye kopo lililokwisha kuchanganywa

MWENYE duka la vifaa vya ujenzi Tandika au Mbagala anayejaza rafu kwa makopo ya rangi ya pinki iliyofifia anajifungia mtaji mwenyewe. Rangi hiyo hupendeza sebuleni na vyumbani, lakini kila mteja huja na pinki yake kichwani, na kopo likishachanganywa halirudi kuwa jeupe.

Njia ya usalama ni kuweka akiba ya rangi nyeupe na kuichanganya mteja akishalipa. Lakini hapo ndipo penye kazi. Zamani, mafundi walipata pinki kwa kutia unga mwekundu kidogo kwenye chokaa. Kipimo kilikuwa mkono, na ndoo ya pili haikufanana na ya kwanza. Duka linalobahatisha leo linarudia kosa lile lile, kwani katika rangi hafifu tone moja la nyekundu huonekana.

Hesabu ni hii. Chumba cha futi 10 kwa 10, chenye kimo cha futi 9, kina ukuta wa mita za mraba 30 hivi baada ya kuondoa mlango na dirisha. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Mikono miwili ni lita 6, hivyo kopo la lita 4 halitoshi. Mteja akinunua kopo moja leo na jingine wiki ijayo, ukuta mmoja hutoka pinki na wa pili rangi ya maziwa. Fundi hulaumiwa na duka hupoteza mteja.

Mwenye nyumba ya kupangisha yenye vyumba 6 anahitaji lita 36, yaani ndoo mbili za lita 20. Zichanganywe siku moja, na kipimo kiandikwe daftarini na juu ya kifuniko.

Kuhusu bei, pinki hafifu hufuata nyeupe. Weupe wake hutokana na unga wa titani, ambao viwanda huagiza kutoka nje kwa fedha za kigeni. Huko Kwale, Kenya, mchanga wenye titani ulichimbwa kuanzia mwaka 2013 hadi 2024, lakini ulisafirishwa ukiwa madini ghafi. Kwa hiyo shilingi ikiteleza mbele ya dola, ndoo ya pinki hupanda pia.

Aidha, ndoo ya bei ya chini mno mara nyingi huwa na unga huo kidogo, na ukuta hudai mkono wa tatu. Mnunuzi apige hesabu kwa chumba kilichokamilika, si kwa ndoo. Naye muuzaji mwenye mtaji mdogo aweke nyeupe dukani na pinki daftarini.