Ndege Wawili wa Milima ya Taita

Msafiri aliyezoea joto na vumbi jekundu la Voi, akipanda gari kwenda Wundanyi kwa njia ya Mwatate, huanza kutafuta koti lake kabla hajafika. Kilele cha Vuria kina kimo cha mita 2,208, na ukungu utokao Bahari ya Hindi hushuka juu ya miti na kuilowesha hata siku zisizo za mvua. Katika misitu hiyo ya ukungu wamo ndege wawili wasiopatikana mahali pengine po pote duniani.

Wa kwanza wataalamu humwita Turdus helleri. Ana kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya chungwa, naye hutembea chini, akipindua majani makavu kutafuta wadudu. Wa pili ni Apalis fuscigularis, ndege mdogo sana mwenye koo jeusi na macho meupe, ambaye Bwana Moreau, aliyefanya kazi Amani, Tanganyika, alimwandika katika vitabu vya elimu mwaka 1938.

Huyu mdogo ndiye aliye hatarini zaidi. Mwaka 2001 alikisiwa kuwa kati ya 300 na 650 tu. Waliohesabu tena yapata miaka kumi baadaye waliona kwamba amepungua sana.

Wengi hudhani kwamba maadamu miti mikubwa ingali imesimama, ndege wamesalimika. Sivyo. Apalis hukaa katika mitambaazi na vichaka vilivyo chini ya miti, na yule mwenziwe hutegemea kivuli na majani yaliyooza. Basi mtu akiingia msituni kukata kuni ndogo ndogo, au akiachilia ng'ombe wake walishe humo, amebomoa nyumba hata kama hakuangusha mti hata mmoja. Tena misonobari na mikalitusi iliyopandwa vilimani, ingawa yafaa kwa mbao, si msitu kwa ndege hawa.

Jambo la pili ni umbali. Msitu wa Mbololo ni wa hekta 200 hivi, Ngangao 120 hivi, na Chawia haifiki 100. Kati yake ni mashamba ya mahindi na mboga, na ndege aliyezoea kivuli huona taabu kuvuka uwanda wa jua. Walio Chawia, kwa hiyo, ni kama watu wa kisiwa wasio na mashua.

Wazee wa Kidawida walikuwa na misitu yao mitakatifu, iitwayo fighi, ambamo haikuruhusiwa kukata mti ovyo. Walioiweka hawakuwa wakifikiri habari za ndege, lakini kivuli kilibaki.

Mkulima mwenye shamba dogo ataniuliza: je, niache kichaka changu kwa ajili ya ndege asiyejaza kiganja, na watoto wangu wataka karo? Swali hili ni la haki, na haifai kumjibu kwa hotuba. Twaweza kumwambia kwamba maji ya Mto Voi hutoka katika milima hiyo hiyo, lakini ayanywaye sana ni mtu wa bondeni, si yeye. Kwa maoni yangu, atakaye ndege abaki yampasa naye atoe kitu. Chama cha Nature Kenya kimeanza kufanya hivyo kwa kununua ardhi huko Msidunyi ili msitu urudi. Vikundi vya wenyeji navyo huotesha miche ya miti ya asili na kuipanda palipo wazi.

Lakini ardhi yote haiwezi kununuliwa. Mwenye shamba lililopakana na msitu aweza kuacha ukanda wa vichaka ukingoni, bila kuufyeka, na kupanda miti ya kuni karibu na nyumba yake. Ukanda huo ukiungana na wa jirani, ndege ana njia. Kazi ya namna hii hufanyika vizuri zaidi kabla ya mvua za Machi, wakati miche ingali kitaluni na mipaka ya mashamba yaonekana wazi.